Saratani ya thairoidi: iodini ya mionzi au kingamwili zenye mionzi?

Dada yangu mkubwa na jirani yetu mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, walipasuliwa shingo ndani ya mwezi mmoja. Wote wawili walitolewa thairoidi nzima, ile tezi ya shingoni, wote wawili majibu yakasema saratani, na wote wawili wakatumiwa na jamaa zao video ileile kwenye WhatsApp: kingamwili zilizobebeshwa mionzi, zinazoisaka saratani popote ilipojificha na kuichoma bila kugusa kingine. Dada akaniuliza, "Kwa nini mimi napewa kidonge cha iodini, na dawa hii mpya hata siitajiwi?" Swali la jirani lilikuwa kinyume chake: "Kwa nini mimi hata hiyo iodini nimenyimwa?"

Nimekaa na wote wawili kwenye mabenchi ya kliniki. Nimesoma ripoti zao mstari kwa mstari, na nimewauliza madaktari maswali hadi nikaona haya kuendelea. Ulinganisho huu ndio nilioutamani wiki ile ya kwanza, wakati kila mtu alikuwa na ushauri na hakuna aliyekuwa na maelezo. Mimi si daktari. Lakini mgonjwa anayejua tofauti ya tiba hizi mbili huuliza maswali bora, na majibu anayopewa huwa bora vilevile.

Soma kwanza jina la seli

Kabla ya kulinganisha dawa yoyote, tafuta ripoti ya patholojia, ile karatasi iliyoandikwa baada ya uvimbe kukatwa na kuangaliwa kwa hadubini. Humo mna neno moja linaloamua karibu kila kitu.

Papilari ndiyo inayopatikana zaidi, karibu wagonjwa 80 katika kila 100. Folikula huifuata. Hizi mbili huanzia kwenye seli zinazotengeneza homoni ya thairoidi, na seli hizo zina tabia ya kuzaliwa nayo: kunyonya iodini kutoka kwenye damu. Medula ni nyingine kabisa. Inakaa ndani ya tezi ileile, lakini huanzia kwenye seli C, zile zinazotengeneza homoni ya kalsitonini, na seli hizo hazina haja na iodini. Wenye medula ni wachache sana katika kila 100. Aina ya nne, anaplastiki, ni adimu pia na huenda mbio. Aliyeambiwa ana hiyo asikae kusoma makala, amwone mtaalamu wiki hiihii.

Dada yangu alikuwa na papilari. Jirani, medula. Video iliwachanganya kwa sababu ilitaja "saratani ya thairoidi" kana kwamba ni ugonjwa mmoja, nao wakashindana kuulizana nani ametibiwa vizuri zaidi ilhali walikuwa wanaumwa magonjwa mawili tofauti yaliyokaa nyumba moja.

Mlango wa seli, na alama iliyo nje yake

Iodini 131 haihitaji kuonyeshwa njia. Ukimeza kapsuli, iodini huingia kwenye damu, na seli ya thairoidi huivuta ndani kwa pampu iliyo ukutani mwake, kama inavyovuta iodini ya chumvi ya kila siku. Ikishaingia, mionzi yake ya beta husafiri kama milimita moja au mbili tu, ikiharibu seli iliyoimeza pamoja na zile zilizoigusa. Mionzi yake ya gama nayo hutoka nje ya mwili na kunaswa na kamera. Kitu kimoja kinatibu, kitu hichohicho kinapiga picha. Saul Hertz alianza kuwatibu wagonjwa wenye thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi kwa iodini ya mionzi huko Boston mwaka 1941. Mwaka 1946 Samuel Seidlin na wenzake wa New York wakaeleza jinsi saratani ya thairoidi iliyokuwa imesambaa mwilini ilivyoitikia tiba hiyo. Ni karibu miaka 80 ya kumbukumbu za wagonjwa. Hilo lilinituliza mimi kuliko video yoyote.

Kingamwili hufuata njia nyingine. Ni protini ambayo mwili huitengeneza ili ishike kitu kimoja mahususi, kwa mfano kipande cha virusi. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, waligundua namna ya kuzalisha maabara kingamwili za aina moja tupu kwa wingi, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Tangu hapo wazo likawa wazi: ukiipata alama inayokaa kwenye ngozi ya seli ya saratani, funga chembe ya mionzi kwenye kingamwili inayoishika alama hiyo, kisha mdunge mgonjwa.

Kwa medula alama hiyo ipo. Inaitwa CEA, protini iliyogunduliwa Montreal mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman walipokuwa wakichunguza saratani ya utumbo mpana, na seli za medula huitoa kwa wingi. Mwaka 1978 David Goldenberg na wenzake, nchini Marekani, walichapisha picha za wagonjwa wa saratani mbalimbali waliodungwa kingamwili za CEA zilizofungwa iodini 131. Kamera ilionyesha uvimbe ulipo.

Basi papilari ina mlango wa iodini, medula haina mlango lakini ina alama nje. Hapo ndipo swali la jirani yetu lilipopata jibu. Hakunyimwa kitu. Angepewa iodini ingezunguka mwilini mwake, ingezipiga kwa mionzi tezi za mate na kibofu chake, kisha ingetoka kwa mkojo bila kuigusa saratani.

Na kwa papilari, kwa nini tusitengeneze kingamwili ya kuishika thairoglobulini, protini ambayo seli hizo huitengeneza? Wazo hilo si geni. Shida ni kwamba thairoglobulini humwagika kwenye damu, kwa hiyo kingamwili hukutana nayo njiani kabla ya kufika kwenye uvimbe. Isitoshe, ukiwa na mlango unaofanya kazi, hakuna sababu ya kupitia dirishani.

Hapa nina ombi kwa kila anayesoma majibu yake ya damu. Mstari ulioandikwa "Anti-Tg" ni kingamwili ambazo mwili wako wenyewe umezitengeneza dhidi ya thairoglobulini. Si dawa, na haimaanishi kwamba umepewa au unaweza kupewa tiba ya kingamwili. Kazi yake kwenye karatasi ni kumwonya daktari: zikiwa nyingi, kipimo cha thairoglobulini hakiaminiki, kinaweza kuonyesha kidogo kuliko ukweli. Dada yangu alikesha usiku mzima kwa mstari huo mmoja.

Lori na bodaboda

Tofauti inayoamua usalama wa tiba hizi mbili ni ukubwa. Kingamwili nzima ina uzito wa zaidi ya mara 1,000 ya chembe ya iodini. Fikiria lori la trela kwenye Mombasa Road jioni, na bodaboda inayopenya katikati ya magari. Iodini hufika upesi, inavutwa ndani, na ile isiyohitajika hutoka na mkojo, nyingi yake ndani ya siku mbili za kwanza. Kingamwili huzunguka kwenye damu kwa siku kadhaa kabla ya kufika. Muda wote huo mzigo wake wa mionzi unawaka, na damu inapita kila mahali, hasa kwenye uboho wa mifupa, kiwanda cha damu yenyewe. Kwa hiyo kinachopima kiasi cha kingamwili ambacho mtu anaweza kuvumilia ni uboho, kabla hata ya kuuliza kama kiasi hicho kinatosha kuua uvimbe.

Watafiti wamejaribu njia mbili za kulipunguza tatizo hilo. Ya kwanza ni kukata kingamwili na kutumia kipande tu kinachoshika. Arsitumomabu, kipande cha kingamwili ya CEA kilichofungwa teknishiamu 99m, kiliidhinishwa Marekani mwaka 1996 kwa kupiga picha za saratani ya utumbo mpana, na picha ilipatikana saa chache tu baada ya sindano. Baadaye kiliondolewa sokoni.

Njia ya pili naiona nzuri zaidi, nayo ndiyo iliyojaribiwa sana kwa wagonjwa wa medula, hasa na kundi la watafiti la Nantes, Ufaransa. Lori linatumwa kwanza likiwa tupu. Mgonjwa hudungwa kingamwili yenye mikono miwili, isiyo na mionzi: mkono mmoja unashika CEA, wa pili uko wazi unasubiri. Siku chache zinapita, ile iliyobaki kwenye damu inapungua. Ndipo inatumwa bodaboda na mzigo: molekuli ndogo yenye mionzi ambayo mkono wa pili unaijua. Inayopata mkono inabaki pale, isiyopata inatoka kwa mkojo upesi. Uboho unapumzishwa, ingawa hausalimiki kabisa, kama nitakavyoonyesha.

Kuona ugonjwa ulipo

Kwa papilari na folikula, picha huja kama zawadi ya tiba yenyewe. Siku chache baada ya kumeza kapsuli, mgonjwa hulala chini ya kamera ya gama na mwili mzima hupigwa picha. Panapong'aa shingoni ni mabaki ya tezi; panapong'aa kwenye mapafu au mfupa ni habari nyingine, na ni bora kuijua. Pamoja na thairoglobulini ya damu na picha ya sauti (ultrasound) ya shingo, wagonjwa wengi hawahitaji zaidi.

Wakati mwingine thairoglobulini inapanda na picha ya iodini iko safi. Maana yake mara nyingi ni kwamba seli zimepoteza mlango. Hapo PET ya FDG, yaani picha inayofuata sukari yenye mionzi iliyodungwa mwilini, hufaa kuliko kurudia iodini, na ni kipimo kinachopatikana Nairobi.

Kwa medula kipimo cha kwanza ni cha damu: kalsitonini na CEA, mara kwa mara, maabara ileile ikiwezekana. Kasi ya kupanda ina maana kuliko namba ya siku moja. Watafiti wa Ufaransa waliwafuatilia wagonjwa 65 wa medula, na mwaka 2005 wakaeleza kwamba waliochukua zaidi ya miaka miwili kalsitonini yao kuongezeka maradufu walikuwa wote hai utafiti ulipofungwa. Waliochukua chini ya miezi sita ndio waliokuwa hatarini zaidi. Jirani yetu alipoelezwa hilo alianza kuandika tarehe na namba zake kwenye daftari la shule la mwanawe, na tangu siku hiyo kila daktari anayemwona huomba kwanza daftari hilo.

Picha za medula hupigwa kwa sauti, CT, MRI na, pale inapopatikana, PET ya DOPA, inayotumia dawa nyingine badala ya sukari. Kingamwili zina nafasi hapa pia. Katika utafiti mdogo wa Ufaransa, PET iliyotumia kingamwili ya mikono miwili na mzigo wa galiamu 68 iliona uvimbe mwingi zaidi kuliko PET ya DOPA. Kwa maoni yangu hapa ndipo kingamwili zina ahadi ya karibu zaidi, kwenye kuona kabla ya kutibu. Lakini ni kazi ya utafiti bado. Hakuna hospitali itakayokuandikia fomu ya kipimo hicho kama inavyokuandikia CT.

Kutibu: kipi kimethibitishwa?

Tukiwa wakweli, mizani hapa haiko sawa, na sitaki kuifanya ionekane sawa.

Iodini 131 kwa papilari na folikula imepimwa kwa kila namna, hadi swali limegeuka: badala ya kuuliza kama inafanya kazi, madaktari wanauliza nani anaweza kuikosa bila hasara. Mwaka 2012 tafiti mbili kubwa, moja ya Uingereza na moja ya Ufaransa, zilionyesha kwamba kwa kusafisha mabaki ya tezi kwa wagonjwa wenye hatari ndogo ya saratani kurudi, kipimo cha milikyuri (kizio cha mionzi) 30 kinafaulu sawa na 100. Mwaka 2022 utafiti mwingine wa Ufaransa ukaenda mbali zaidi: kwa wenye hatari ndogo kabisa, waliofuatiliwa bila iodini hawakuwa na hali mbaya zaidi baada ya miaka mitatu kuliko waliopewa. Kwa hiyo wewe mwenye uvimbe mdogo uliotolewa wote, usione umedharauliwa ukiambiwa huihitaji. Na ukiandikiwa 100 au 150, uliza ni nini kwenye ripoti kimeifanya iwe hivyo: tezi za limfu, ukubwa, kusambaa? Daktari mzuri hufurahia swali hilo.

Kingamwili zenye mionzi kwa saratani ya thairoidi hazijaidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani kwa matumizi ya kawaida. Zilizowahi kupata idhini huko kwa tiba, Zevalin mwaka 2002 na Bexxar mwaka 2003, zilikuwa za limfoma, saratani ya seli za damu, na Bexxar iliondolewa sokoni mwaka 2014. Seli za limfoma huuliwa na mionzi kidogo. Uvimbe mgumu wa medula huhitaji mionzi mingi zaidi, na uboho hauruhusu.

Hata hivyo si haki kusema hazina kitu. Mwaka 2006 kundi la Ufaransa lilichapisha matokeo ya wagonjwa 29 wa medula waliotibiwa kwa njia ya lori na bodaboda, wakilinganishwa na 39 ambao hawakuitumia. Kwa wale ambao kalsitonini yao ilikuwa inapanda kwa kasi, nusu ya waliotibiwa waliishi zaidi ya miezi 110. Kwa wasiotibiwa ilikuwa miezi 61. Nilipoisoma mara ya kwanza moyo uliruka. Nilipoisoma tena nikaona kwamba wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo huenda waliotibiwa walikuwa na nguvu zaidi tangu mwanzo. Utafiti uliofuata, wa wagonjwa 42, ulionyesha ugonjwa ukitulia kwa takriban robo tatu yao, lakini uvimbe uliotoweka kabisa ulionekana kwa mmoja tu, na zaidi ya nusu yao damu yao ilishuka kwa kiwango kikali. Wawili walipata ugonjwa wa uboho.

Kuna mshindani wa tatu ambaye video haikumtaja, na kwa mgonjwa wa medula yeye ndiye wa kuulizia kwanza. Ni vidonge vinavyozuia ishara za ukuaji ndani ya seli. Vandetanibu iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 na kabozantinibu mwaka 2012. Selpakatinibu ilifuata mwaka 2020 kwa wale ambao saratani yao ina hitilafu kwenye jeni la RET, na mwaka 2023 utafiti uliowagawa wagonjwa kwa kura ulionyesha kwamba inaushikilia ugonjwa kwa muda mrefu kuliko zile mbili za awali. Kwa papilari na folikula zilizokataa iodini kuna sorafenibu tangu 2013 na lenvatinibu tangu 2015. Vidonge hivi ni ghali na vina adha zake, shinikizo la damu na kuharisha miongoni mwake, lakini vina ushahidi ambao kingamwili bado hazina.

Na kwa medula inayokwenda polepole, upasuaji mzuri wa shingo na kufuatilia damu ni tiba kamili. Kusubiri huku ukipimwa si kutelekezwa.

Maisha ya mgonjwa katikati ya tiba

Iodini ina masharti mengi ya nyumbani kuliko maumivu. Wiki moja au mbili kabla, unakula chakula chenye iodini kidogo. Nairobi jambo hilo ni gumu kwa sababu ambayo kwa kawaida tunaishukuru: sheria inataka chumvi yetu itiwe madini joto, kwa hiyo isiyotiwa ni adimu dukani. Dada alipika mwenyewe kila kitu, bila chumvi: ugali, sukuma wiki, maharagwe, viazi, ndizi. Maziwa, mayai, samaki wa baharini na mkate wa dukani viliwekwa kando. Chai ya maziwa ndiyo aliyoililia kweli. Pia unameza kapsuli ukiwa na TSH, homoni inayoiamrisha thairoidi kufanya kazi, iliyopanda, ama kwa kuacha tembe za homoni wiki tatu au nne, ama kwa sindano maalumu. Kuacha tembe huchosha sana: baridi, uzito, usingizi, huzuni isiyo na jina. Sindano hukuepusha na hayo ila ni ghali. Ukiweza, iulizie.

Kosa lililotugharimu sisi lilikuwa jingine. Kituo kimoja cha picha mjini kilimpiga dada CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa, na hakuna aliyetuuliza kama anasubiri iodini. Dawa hiyo imejaa iodini. Seli zilikuwa zimeshiba, ikabidi tusubiri takriban miezi miwili. Mwambie kila anayekupiga picha kwamba uko njiani kwenda kwenye iodini ya mionzi, hata kama hajakuuliza.

Mjamzito hapewi kabisa. Anayenyonyesha huacha wiki kadhaa kabla, na harudi kumnyonyesha mtoto yule. Wanawake huambiwa wasishike mimba kwa miezi 6 hadi 12. Baada ya kapsuli kubwa unakaa wodi ya peke yako usiku mmoja au zaidi, kisha nyumbani unalala peke yako, unakaa mbali na watoto na wajawazito kwa siku utakazoelekezwa, unamwaga maji chooni mara mbili kila unapokwenda. Nguvu ya iodini 131 hupungua nusu kila siku 8. Dada anaishi chumba na sebule na watoto wawili, kwa hiyo watoto walikwenda kwa shosho kabla yeye hajatoka hospitali. Usimfanye mgonjwa akakae saa sita ndani ya matatu ya kwenda Kisii siku anayoruhusiwa, bega kwa bega na mama mwenye mimba. Na kama unapanda ndege, beba barua ya hospitali; vifaa vya viwanja vya ndege vinaweza kuinasa mionzi wiki kadhaa baadaye. Adha za mwilini ni kinywa kikavu, tezi za mate kuvimba, kichefuchefu cha siku mbili tatu.

Kwa kingamwili adha ni za aina nyingine na huja kwa kuchelewa. Chembe za damu hushuka wiki kadhaa baada ya sindano, wakati mgonjwa anajiona amepona: hatari ya kuvuja damu na ya maambukizi, vipimo vya damu kila wiki, pengine kuongezewa chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Pia mwili unaweza kuiona kingamwili yenye asili ya panya kuwa mgeni na kutengeneza zake za kuipinga, hivyo dozi ya pili ikashindwa au ikaleta mzio. Mtu anayeishi mbali na hospitali yenye benki ya damu angekuwa na shida kubwa.

Kinachopatikana Nairobi

Hospitali ya Aga Khan huko Parklands na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta upande wa Kahawa zina PET na saiklotroni zao, ile mashine inayotengeneza dawa ya picha papo hapo. Ni jambo kubwa, kwa sababu florini 18 inayotumika kwa PET ya FDG hupoteza nusu ya nguvu yake kila dakika 110. Haiwezi kusubiri ndege. Iodini 131, kwa siku zake 8, inaweza kusafirishwa kutoka nje, na ndiyo sababu foleni ya tiba mara nyingine hutegemea shehena imefika lini. Vituo vyote vinavyoshika mionzi huwa chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, KNRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2019.

Tangu Oktoba 2024 bima ya taifa ni SHA badala ya NHIF, na huduma za saratani zina kikomo kwa familia kwa mwaka. Kabla ya kupangiwa tarehe, nenda kwenye dawati la bima la hospitali yenyewe na uulize vitu vitatu kwa majina: kapsuli, kulazwa wodi ya mionzi, na picha ya mwili mzima baadaye. Sisi tuliulizia kapsuli tu.

Tiba ya kingamwili zenye mionzi kwa medula huwezi kuinunua hapa, na nje ya nchi ni ndani ya utafiti. Nalisema hilo kwa sababu ya simu aliyopigiwa jirani. Wakala mmoja wa matibabu ya nje alimwambia kuna "kingamwili za nyuklia" zinazomaliza saratani ya shingo, alipe malipo ya awali wiki ileile. Familia ilianza kuzungumzia kuuza kipande cha shamba. Nilimwomba jirani amuulize wakala mambo machache: dawa inaitwaje, inashika alama gani, ni utafiti wa awamu ya ngapi, kamati gani ya maadili imeupitisha, nani atapima damu yangu wiki ya tano nikiwa Nairobi. Katika utafiti halali unapewa maelezo kwa maandishi, unasaini ukiwa umeelewa, una haki ya kujitoa, na kwa kawaida dawa inayojaribiwa hulipiwi. Wakala alisema atapiga tena. Shamba bado liko.

Kama daktari wako mwenyewe ndiye anayekuelekeza kwenye utafiti kama huo, hali ni tofauti, na ningekushauri umsikilize kwa makini, hasa ikiwa kalsitonini inapanda haraka, vidonge vimeshindwa na uboho wako ni mzima. Mtu huyo yupo, na kwake kingamwili zinaweza kuwa mlango wa kweli.

Jirani yetu hayuko hapo. Kalsitonini yake inapanda pole, picha ya shingo ni safi, na kwa sasa amechagua daftari. Lililobaki kwake ni jambo ambalo hata mimi nilikuwa sijalifikiria: karibu robo ya medula hurithiwa kupitia hitilafu ya jeni la RET, na mtoto aliyeirithi anaweza kutolewa tezi mapema kabla saratani haijaanza. Ana watoto watatu. Wa kwanza ametolewa damu Jumatatu, wawili wadogo wanasubiri jibu la kipimo cha jeni cha jirani mwenyewe, mama yao, maana likirudi safi hawatahitaji kudungwa hata sindano moja.